Swichibodi Mpya ya Bodi ya Mialo

Jumatatu, 18 Mei 1998

Kikao asubuhi. Wote, hadi walinzi wa geti. Meneja kasimama na barua ya wizara, anaipunga kama kashinda bahati nasibu. Serikali imetoa fungu la kuboresha mawasiliano katika ofisi za umma mikoani. Mawasiliano "na usalama wa taarifa" — hilo la mwisho alilisema mara mbili. Sisi Bodi ya Mialo, tunaosimamia fukwe za kushushia samaki, tumo. Tutapata swichibodi mpya, ya kompyuta. Ya zamani itoke. Sharti ni moja: fungu liwe limetumika mwaka wa serikali ukiisha Juni. Likibaki linarudi Hazina.

Dorotea kanyoosha mkono. Akauliza, na sisi wawili wa swichibodi je? Meneja kasema nasi tutaboreshwa. Watu wakaangua kicheko. Dorotea hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu.

Jioni nikamhadithia mume wangu Mayala. Alikuwa anafunga tenga lake la samaki kwenye baiskeli, mpira kaung'ata kwa meno. Akasema kiwandani kwao nako walianza na neno hilohilo. Kuboresha. Halafu kikauzwa, na wao wakaambiwa asanteni.

Akaendelea kufunga.


Jumatano, 20 Mei

Mvua tena. Wanasema barabara ya Shinyanga imekatika. Simu za nje zimekuwa nyingi kwa sababu hiyo, kila mtu anauliza gari lake liko wapi.

Swichibodi yetu ni kabati la mbao. Mbele matundu, chini nyaya zenye plagi. Taa inawaka, unachomeka waya, unauliza nani, unachomeka wa pili kule anakotaka. Ndiyo kazi. Ukitaka kujua kama wameshapatana unainua ufunguo na kusikia sekunde mbili. Dorotea alinifundisha hivyo nilipoanza: sikiliza sauti, usisikilize maneno. Lakini maneno hayaombi ruhusa.

Leo Mhoja kaomba Dar, maabara. Mhoja ni mkaguzi wa samaki. Kutwa yuko kwenye mialo anafunua mashavu ya sangara na kunusa. Mwanamume mpole, wa kule ng'ambo ya Kamanga, anavuka na feri kila siku. Kila asubuhi anapitisha kichwa dirishani kwetu: shikamoo mama Dorotea, shikamoo dada. Simu ikawa mbaya, nikabaki kwenye laini nikiirekebisha. Nikasikia. Kuna samaki wa mwalo wa Nyakasela hawana jeraha la nyavu wala ndoana. Wananuka dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu, kama wamevuliwa kwayo. Mwanamke wa maabara, Bi. Wilhelmina, akamwambia amtumie sampuli kwa ndege ndani ya boksi la barafu, na asiwaambie watu.

Nikashusha ufunguo. Dorotea kaniangalia. Alisikia pia, ana masikio yale yale.

Tukanywa chai.


Jumatatu, 25 Mei

Fundi kaja. Anaitwa Nadim. Kampuni yao ndiyo iliyopewa kazi ya swichibodi. Mzaliwa wa hapahapa, baba yake ana duka la redio karibu na soko kuu. Kaingia na maboksi, kamwona Dorotea, kamwamkia kama mama yake — "Mwangaluka, mayu!" Kisukuma safi kabisa. Dorotea kafurahi mpaka kamwagizia chai. Alisahau kijana kaja kufanya nini.

Mashine yenyewe ndogo. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni kisanduku cha ukutani na simu moja pana ya mezani yenye vitufe vingi na taa nyekundu. Na kompyuta pembeni, imefunikwa kitambaa. Meneja kaja kuangalia. Akafunua kitambaa, akafunika.


Ijumaa, 29 Mei

Wameing'oa ya zamani. Walipoivuta kutoka ukutani pakatokea mende, vibiriti, senti za zamani, na pini ya nywele. Dorotea kasema pini ni yake. Labda.

Wanne wakalibeba kabati hadi stoo. Ukutani limebaki umbo lake, rangi ya zamani, kijani.


Jumanne, 2 Juni

Mafunzo. Nadim katueleza wote, ukumbini. Sasa kila mtu atapiga simu za mbali mwenyewe, haombi kwetu; za kwenda mialoni ndizo bado zitapitia kwetu. Ila lazima abonyeze namba yake ya siri kwanza. Tarakimu nne. Usimwambie mtu, usiandike popote, usitumie mwaka wako wa kuzaliwa.

Meneja akasema kwa sauti, basi mimi nitaweka kumi na tisa arobaini na sita, nilizaliwa vita imeisha! Watu wakapiga makofi. Mhasibu akaandika yake kwenye kipande cha karatasi, akakibandika chini ya simu. Karani wa masijala kauliza kama wawili wanaweza kutumia moja, ili wasisahau. Nadim kashika kichwa.

Mhoja peke yake aliyekinga vitufe kwa kiganja alipokuwa anaweka yake. Watu walimcheka. Meneja hakumcheka. Alimwangalia tu.

Dorotea kauliza: "Na sisi tukishaunganisha, hatusikii tena?"

"Hapana, mayu. Ukiunganisha umeshatoka. Ndiyo usalama wenyewe."

"Hata kidogo?"

"Hata mimi fundi siwezi."

Dorotea akasema basi masikio yatapumzika.


Jumatatu, 8 Juni

Barua ya Dorotea imetoka. Mashine mpya inahitaji mtu mmoja. Wamemchagua yeye aondoke kwa kuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Imeandikwa vizuri, kwa shukrani.

Aliisoma mara moja, akaikunja, akaiingiza kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Nikatafuta la kusema. Nikasema pole.

"Ya nini? Wewe una watoto shule. Mume yuko na baiskeli. Ingekuwa wewe ningelia." Halafu: "Tereza, usizoee kukaa peke yako humu. Fungua dirisha."

Ndiyo hivyo. Aliondoka na mto wa kiti chake, alioushona mwenyewe. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilishukuru moyoni kwamba si mimi. Lilikuwa wazo la haraka, lilipita kama gari.


Alhamisi, 11 Juni

Kombe la Dunia limeanza, hakuna anayefanya kazi. Meneja kaleta televisheni ofisini kwake. Kaniita mchana. Nilifikiri ni antena.

"Mama Kija, kaa."

Nikakaa. Kauliza kazi mpya naionaje. Nzuri, nikasema. Kauliza Kija anasoma kidato gani. Nikamwambia. Akasema elimu siku hizi, mama, bila mshahara hakuna elimu. Nikasema ndiyo.

Halafu akapunguza sauti ya mpira. Akasema fungu hili lina kipengele cha usalama, kama nilivyosikia kikaoni. Usalama ni nini? Ni kujua nani anatoa mambo ya ofisi nje. Kuna watu humu wanaongea na Dar bila kupitia kwake. Wanaweza kuharibu biashara ya samaki ya mkoa mzima kwa uvumi. Wafanyabiashara wana wasiwasi.

"Kuna kitufe kwenye mashine yako. Fundi atakuonyesha. Unaingia kwenye laini, unasikiliza, unaniambia. Mimi tu. Laini ya kumi na moja."

"Ni ya Mhoja."

"Sijataja mtu, mama. Nimetaja laini."

Akaongeza sauti ya mpira. Nikasubiri kama kuna jingine. Hakukuwa na jingine. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema, haya mzee — na haya mzee kwa bosi ni ndiyo, najua.


Ijumaa, 12 Juni

Nadim kanionyesha kitufe. Hakuniangalia usoni. Kiko upande wa kulia, hakina maandishi. Ukikibonyeza mtu akiwa anaongea, unaingia ndani ya mazungumzo. Lakini mashine inatoa mlio — tii! — kuwajulisha wanaoongea kwamba kuna mtu wa tatu. Kiwandani ilikotengenezwa wameiweka hivyo makusudi.

Kisha akakaa kwenye kompyuta, akaandika vitu. Tukajaribu tena. Hakuna mlio.

"Ulisema hata wewe huwezi."

"Nilisema hivyo."

"Na ulimwambia mama wa watu hivyo."

"Dada, Meneja hajasaini kwamba kazi imekamilika. Bila sahihi yake, sisi hatujafanya kitu. Mimi nimeagizwa."

"Na mimi nimeagizwa," nikasema.

Tukaonekana wawili wenye akili, hakuna mwenye kosa. Akafunga mkoba wake. Mlangoni akageuka, akasema mlio unaweza kurudishwa, kwa kompyuta ileile, ila inahitaji namba ya msimamizi. Namba amempa Meneja. Nadhani ni arobaini na sita tu, lakini sikuuliza.


Jumanne, 16 Juni

Nimesikiliza. Mara ya kwanza.

Taa ya kumi na moja ikawaka, nikahesabu pumzi chache, nikabonyeza. Ni tofauti na zamani. Zamani kulikuwa na mkwaruzo, ulijua uko wapi. Sasa ni safi, kama umeketi katikati yao.

Alikuwa anaongea na mkewe. Mkewe ni nesi Sengerema, anapigiwa pale kazini. Mtoto wao wa mwisho ana homa, kapimwa, ni malaria, kapewa dawa katapika. Shangazi kaleta mihogo. Bati la jikoni limeinuliwa na upepo. Mhoja akamwambia, weka jiwe. Mkewe akasema, nishaweka. Akauliza, na wewe umekula? Akasema, nimekula. Uongo, nilimwona mchana anakaa tu chini ya ngazi.

Ni hayo tu. Nilitoka nikanawa mikono. Sijui kwa nini mikono.


Jumatano, 17 Juni

Nimepeleka taarifa. Meneja kafunga mlango.

Nikamwambia yote. Mtoto, homa, vipimo, kutapika. Mihogo. Nikafika kwenye bati. Nikaeleza upepo ulitokea upande gani. Akakunja uso.

"Mama Kija. Dar. Mimi nataka ya Dar."

Nikasema ya Dar hajapiga. Ni kweli, hakupiga.

"Akipiga, maabara, kuna mtu atakuja kutoka huko kuchukua samaki. Nataka kujua siku. Siku tu."

Sasa nimeelewa anachotaka. Siku.


Jumapili, 21 Juni

Baada ya misa nilipita Pasiansi kumwona wifi yangu Hellen. Jirani yake, nyumba nzima imelazwa tangu Ijumaa. Baba, mama, watoto. Matumbo, macho yanawaka, mate yanatoka tu. Walikula sato mchana, usiku wakaanguka. Watu wanasema ni kipindupindu. Wengine wanasema wamerogwa na majirani. Mtoto mdogo bado hajazungumza.

Hellen kasema sato wenyewe walinunuliwa kwa bei ya kutupa, kwa mtu anayetoka Nyakasela.

Nilirudi kwa miguu. Ziwa lilikuwa limejaa magugu hadi ukingoni, kijani, ungedhani unaweza kutembea juu yake.


Jumatatu, 22 Juni

Asubuhi mapema nimemwambia Mayala asinunue tena Nyakasela.

"Kwa nini?"

"Usinunue tu."

"Mwalo mwingine ni mbali, na samaki wao wameshapangiwa wenye viwanda. Nyakasela ndiko wananipa mimi. Unataka niuze nini, hewa?"

"Kuna samaki wabaya."

"Nani kasema?"

Nani kasema! Kasema Mhoja kwa Bi. Wilhelmina, na mimi nilikuwa waya. Nikamwambia majirani wa Hellen wamelazwa. Akasema hao ni kipindupindu. Nikamuuliza, wewe mwenyewe jana uliwala? Akasema hapana, aliuza wote. Nikaona anawapitia kichwani watu aliowauzia, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba.

Alifungua tenga kwenye baiskeli. Hakutoka leo.


Alhamisi, 25 Juni

Revocatus alikuja kumwona Meneja. Ndiye mnunuzi mkubwa pale Nyakasela, mitumbwi mingi ya pale ni yake au ya watu wanaomtegemea. Mtu wa vicheko, mfukoni ana peremende za watoto wa wafanyakazi. Kanipa mbili. Wakati wanaagana kwenye korido, karibu kabisa na dirisha langu, akasema: mnijulishe mapema tu, siku hiyo mitumbwi itakuwa kisiwani, mwalo utakuwa umefagiliwa, mgeni atakuta mchanga na wanawake wanaanika dagaa. Meneja akasema usijali, tuna vyombo vya kisasa sasa.

Walicheka.

Peremende nimezitupa. Halafu nikaona ni ujinga, peremende zina kosa gani.


Ijumaa, 26 Juni

Leo.

Taa ya kumi na moja. Mhoja mwenyewe kapiga, kwa namba yake ya siri aliyoikinga kwa kiganja. Maabara. Nikabonyeza. Meneja alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, ananiona kupitia kioo cha korido. Akanyanyua kidole gumba.

Bi. Wilhelmina akasema sampuli ya kwanza imeonyesha dawa. Dawa ya kupulizia pamba, bila shaka. Lakini sampuli moja haifungi mwalo, watasema ilichafuliwa njiani. Atakuja yeye mwenyewe. Achukue samaki kwenye mitumbwi ikiwa inashusha, mbele ya mashahidi. Mhoja akauliza, lini? Nikasikia anafungua karatasi, huyo mama. Anasema, ngoja, nitakuja siku ya —

Nikakohoa.

Si kikohozi cha kweli. Wala sikukipanga. Kilitoka.

Kimya kwenye laini. Kimya kirefu, cha watu wawili wanaosikiliza mtu wa tatu anavyopumua. Mhoja akasema polepole, "Mama, nitakupigia." Wakakata.

Meneja kaja mbio. Kasemaje? Nikasema simu imekatika kabla hajasema siku. Hilo nalo ni kweli. Kaiangalia mashine kwa hasira, akaipiga kofi juu kama redio.


Jumatatu, 29 Juni

Mhoja alipita dirishani. Hakuingiza kichwa. Alisimama, akaiangalia simu pana, vitufe, kile kisicho na maandishi. Kisha mimi. Akaenda zake.

Kwake mimi ndiye niliyemsikiliza. Na kwa kweli ndiye, kwa hiyo sina cha kulalamika.

Taa ya kumi na moja haikuwaka siku nzima.


Jumanne, 30 Juni

Mwisho wa mwaka wa serikali. Sherehe ya kukabidhi. Ofisa mmoja wa wizara kaja na gari la vumbi, kakata utepe mlangoni pangu — utepe wa zawadi, mwekundu, wa dukani. Soda na sambusa. Meneja akahutubia. Alisema zamani simu ya ofisi hii ilikuwa kama kusemea sokoni, lakini leo, kwa fungu la serikali yetu, mtu akiongea na mwenzake hakuna sikio la tatu. Makofi.

Nadim alisimama nyuma na sambusa mkononi, hakuila. Karatasi yake ikasainiwa juu ya mashine yangu, nikiwa nimeshikilia upande mmoja isiteleze.

Nilimwalika Dorotea, hakuja. Kaleta salamu kwamba anapukuchua mahindi.

Ofisa wa wizara kaniuliza naipenda? Nikasema inasikika vizuri sana.


Alhamisi, 2 Julai

Meneja kaniita. Safari hii hakusema kaa.

"Ulimwambia?"

"Hapana, mzee."

"Mbona hapigi tena?"

Nikasema labda hana la kupiga. Kaniangalia muda. Akasema, mama Kija, mimi nilikubakiza. Mwenzako nilimwacha, wewe nilikubakiza. Sauti ya upole kabisa, ungedhani ananipa pole ya msiba. Nikasema nakumbuka, mzee.

Kasema sawa. Mhoja hapigi, lakini huyo mama wa Dar atampigia yeye. Simu za kutoka nje bado zinapita kwangu. Atakuja kukaa nami. Kuna sehemu ya hedifoni ya pili, Nadim aliionyesha kwa ajili ya kufundishia wapya.

Jioni Mayala alikuwa kaenda nyumba tatu za watu aliowauzia. Wako wazima. Ya nne hakuwakuta, majirani wakasema wamesafiri. Kaniuliza nadhani wamesafiri kweli? Nikasema wamesafiri. Anaamka kabla ya jogoo na hana pa kwenda, anapiga pampu tairi ambalo lina upepo.


Ijumaa, 3 Julai

Meneja kakaa kwenye kiti cha Dorotea tangu asubuhi. Hedifoni masikioni, gazeti la michezo mapajani. Ananuka losheni. Simu nyingi za kawaida: mtu wa barafu, mtu wa stoo, mwanamke anamtafuta mumewe ambaye hafanyi kazi hapa. Maabara haikupiga.

Mtoto wa jirani wa Hellen amefariki. Yule mdogo. Tumezika leo alasiri, niliomba ruhusa. Meneja kanipa bila neno, hata kasema poleni. Akauliza aliumwa nini. Nikamwambia tumbo. Akasema siku hizi kipindupindu kimezidi, tuchemshe maji.

Alisema hivyo kwa moyo. Hilo ndilo sijui niliandike vipi. Nadhani anaamini.


Jumatatu, 6 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Meneja. Nimeambiwa nisubiri hapa. Kitabu kilikuwa kwenye pochi. Watu wanapita, wanadhani naandika mahesabu ya nyumbani.

Ilikuwa hivi. Asubuhi Meneja kakaa kwenye kiti, kama Ijumaa. Kesho Sabasaba, watu wanataka kuwahi kuondoka, simu chache. Nilikuwa nimefungua dirisha. Taa ya nje ikawaka. Nikapokea. "Bodi ya Mialo, habari za asubuhi."

"Nzuri. Wilhelmina hapa, Dar. Naomba Bwana Mhoja."

Meneja akaweka gazeti chini. Akanyanyua kidole gumba, kama siku ile. Kilikuwa karibu na uso wangu, kucha imekatwa vizuri.

Ningeweza kukata. Ningeweza kukohoa tena. Nilikuwa na vitu vyote hivyo tayari, nilivipanga tangu mazishi. Sikutumia hata kimoja. Nilisema:

"Mama, simu hii inasikilizwa. Bado nikuunganishe?"

"Inasikilizwa na nani?"

"Na mimi. Na Meneja, amekaa hapa kando yangu."

Sikuwahi kusikia laini safi namna ile. Nilisikia feni ya ofisini kwake. Nilisikia mtu nyuma yake anasogeza kiti.

"Unaitwa nani, mama?"

"Tereza."

"Asante, Tereza. Usiniunganishe. Mwambie tu nimepiga." Akakata yeye.

Meneja alivua hedifoni. Aliivua kwa uangalifu, akaitundika kwenye msumari wake. Hakupaza sauti. Alisema nimsubiri nje ya ofisi yake. Ana simu moja ya kupiga, kisha ataniita.

Nilipitia kwanza kwa Mhoja. Alikuwa anafunga boksi la barafu kwa kamba. Nikamwambia, Bi. Wilhelmina amepiga. Asimpigie kutoka hapa. Pia nikamwambia Revocatus anasubiri kujulishwa siku, awahamishe wavuvi. Yote kwa mkupuo mmoja, nimesimama mlangoni. Alinisikiliza huku kashika ncha ya kamba. Hakuuliza nimejuaje. Alimaliza fundo, akachukua kofia, akatoka na boksi. Kupitia dirisha la korido nilimwona anakunja kona kuelekea posta. Sijui kama aliniamini. Anaweza kudhani ni mtego mwingine. Ningekuwa yeye ningedhani hivyo.

Sasa niko hapa. Mlango umefungwa. Nasikia sauti ya Meneja ndani lakini si maneno.

Nafikiria karo ya Kija. Nafikiria Mayala na pampu yake. Siogopi kama nilivyotegemea.

Simu inalia chumbani kwangu. Inalia muda mrefu. Ile mpya hailii kengele, inalia kama ndege.

Katibu wake katoa kichwa. Kasema Meneja anajaribu kupiga Nyakasela kwa Revocatus, simu za mialo haziendi moja kwa moja, zinapitia kwangu. Kasema nikamuunganishe kwanza, halafu nirudi nikae.

Nikasema niliambiwa nisubiri hapa.

Kasema, mama Kija jamani.

Nikasema niliambiwa nisubiri hapa.

Karudi ndani. Simu inalia tena. Sasa ni mbili, ya nje na ya ndani. Karani wa masijala kafungua mlango wake kule mwisho wa korido, kauliza kwa sauti, kwani swichibodi hakuna mtu?

Nikamjibu: hakuna.